Nilivyoitwa mwizi London kwa sababu ya chenji ya 60p

Wakuu, salaam kwenu wote, wa Bongo na wa majuu.

Najua humu mtu akileta uzi mrefu mnasema ni chai, yaani uongo. Leo nawaletea chai kweli, chai ya mashine, ya 40p, peni arobaini za Uingereza, na kila neno ninaloandika hapa limetokea. Waliokuwepo wako hai. Wengine wamo humu humu wanasoma kimya kimya.

Mnisamehe nikiandika kwa hasira. Hasira yenyewe ni ya Jumamosi iliyopita, ila mzizi wake ni wa miaka ya tisini mwishoni.

Jumamosi nilikuwa harusini Wembley. Nimekaa zangu na sahani ya pilau, nasikia mtu meza ya nyuma anasimulia. Anasimulia jinsi alivyogundua kosa la mashine za chai zilizokuwa zinadhulumu watu chenji hapa London. Anaeleza vizuri, Kiswahili kimenyooka, anatia Kiingereza pale panapotakiwa. Watu wanamwambia, "Kaka, wewe kichwa."

Wakuu, ile hadithi ni yangu.

Nyama ilikaa mdomoni kama kitambaa.

Sasa nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Muheza. Shule niliachia darasa la nne, na hilo sijawahi kumficha mtu. Leo hii nina nyumba London, nina magari mawili ya kazi, nina mashine zangu mwenyewe kwenye saluni za vinyozi, kwenye ofisi za taksi na kwenye maduka ya kufulia kuanzia Tooting mpaka Wembley. Sijapewa na mtu. Sisemi kujisifu, ingawa nikijisifu haki ninayo.

Kilichonitoa si shule. Ni machungwa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nauza machungwa stendi. Basi likisimama unakimbilia dirishani, fungu senti arobaini. Abiria anakupa shilingi. Chenji yake senti sitini, na dereva ameshaanza kukanyaga moto.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka, enzi zile kulikuwa na senti tano, senti ishirini, thumuni yaani senti hamsini, na shilingi yenyewe. Senti kumi ilikuja baadaye. Kwa hiyo sitini ya haraka ni thumuni na tano mbili.

Lakini je, tano zikiwa zimekuishia?

Ukishamtupia abiria thumuni umekwisha. Imebaki kumi na huna cha kuitengenezea. Basi linaondoka, mtu amening'inia dirishani anakutukana wewe na ukoo wako mpaka kona ya mwisho.

Nilitukanwa mara mbili, mara ya tatu nikajifunza. Kabla hujagusa thumuni, papasa kwanza mfukoni kama tano zipo. Kama hazipo, thumuni iache ilale. Toa ishirini tatu. Sitini imetimia, abiria kimya.

Hii hakunifundisha mwalimu. Nilifundishwa na matusi ya dirishani.

Shikeni hapo, tutarudi.

London nimeingia miaka ya tisini mwanzoni. Nimeosha vyombo, nimebeba mizigo ghalani, nimesafisha ofisi. Mwishoni mwa miaka hiyo nikapata kazi kampuni moja iliyokuwa na mashine za vinywaji. Jina silitaji na sasa hivi haipo. Mashine zilikuwa mahospitalini, viwandani, kwenye vituo vya mabasi. Kazi yangu ilikuwa kuendesha van, kujaza majani ya chai, maziwa ya unga, vikombe na sarafu za chenji.

Kila asubuhi depot, yadi ya kampuni, unakabidhiwa mifuko midogo ya plastiki iliyofungwa benki. Mifuko ya 10p, mifuko ya 20p, mifuko ya 50p. Unasaini, unaondoka. Ndani ya mashine kuna tyubu tatu zimesimama kama filimbi, kila sarafu na tyubu yake. Pauni ikiingia hairudi, inatumbukia kwenye kasha la chini.

Kinywaji chochote 40p. Watu wengi wanatia pauni, yaani 100p. Chenji 60p.

Mmeanza kuona?

Supervisor wangu alikuwa Mtanzania mwenzetu. Nitamwita Festo. Ana degree, ana masters, na kila mtu depot alijua kwa sababu aliwaambia. Umri wetu sawa lakini aliniita "mzee Salehe", na si kwa heshima. Mbele ya Wazungu alikuwa ananisahihisha Kiingereza neno kwa neno kama mtoto wa chekechea.

Kuna siku nilijaza ripoti ya mashine iliyokuwa inavuja. Kwa Kiingereza changu nikaandika kwamba mashine inalia maji. Festo aliisoma kwa sauti kantini, watu wakacheka, halafu akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Ilikaa pale wiki nzima. Nilikuwa nakula nikiwa nimeupa ubao mgongo.

Aliwahi kuniambia hivi, tena anatabasamu: "Kaka, wewe kazi yako ni mikono. Kichwa tuachie sisi."

Nilinyamaza. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza.

Mke wangu na wanangu wawili nilikuwa nimewaacha Muheza. Yule mdogo nilimwacha hajaota meno, na wakati huo ameshaanza shule. Karatasi zangu za ukaaji zilikuwa kwa watu wa Uhamiaji, na mwanasheria wangu alishaniambia kimebaki kitu kimoja tu: barua ya mwajiri inayosema nina kazi na sina doa. Barua hiyo anaiandika supervisor.

Kwa hiyo maisha ya familia yangu yalikuwa kwenye kalamu ya Festo. Mwenye familia atanielewa.

Sasa hospitalini.

Kwenye njia yangu kulikuwa na hospitali moja kusini mwa London, mashine iko pale wagonjwa wanaposubiri. Msafishaji wa zamu ya asubuhi alikuwa mama mmoja wa Kipemba, Bi Zuhura. Siku hiyo nimefika, nimetua ndoo yangu, namsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii mashine yako ina mkono mrefu."

"Imefanyaje?"

"Natia pauni, nataka chai, nirejeshewe sitini. Napewa hamsini. Kumi yangu iko wapi?"

"Itakuwa imekwama mama."

"Imekwama leo, imekwama jana, imekwama juzi. Wauguzi hapa wanasema yule anayejaza ndiye anayezila hizo kumi. Mie nimewaambia simjui."

"Umewaambia hunijui?"

"Mwizi nimjue ya nini?"

Alisema huku anapiga deki, hata hakuniangalia. Lakini nilijua ananitania na hanitanii.

Nikafungua mashine. Tyubu ya 10p tupu kabisa. Nilikuwa nimeijaza asubuhi ya jana mpaka juu. Tyubu ya 20p imejaa. Tyubu ya 50p nusu.

Nikatoa pauni yangu mwenyewe, nikafunga mlango, nikatia. Chai ikaja. Chenji: klang, 50p. Basi. Mashine imenyamaza kama haijafanya kitu.

Wakuu, nilisikia basi linaondoka stendi.

Ile mashine ilikuwa inafanya ujinga wangu wa utotoni. Ikidaiwa sitini inashika kwanza sarafu kubwa inayoingia. Hamsini. Halafu inatafuta kumi, haipo, inaacha. Na ishirini zimejaa pembeni yake. Haiwezi kurudi nyuma ikasema ngoja, hamsini nirudishe, nimpe huyu mama ishirini tatu.

Nilikaa juu ya ndoo nikahesabu. Ukiwa na 10p, 20p na 50p, njia za kupata sitini ni tano tu, hakuna ya sita.

Hamsini na kumi.

Ishirini tatu.

Ishirini mbili na kumi mbili.

Ishirini moja na kumi nne.

Kumi sita.

Angalieni wenyewe. Njia nne zote zinataka kumi. Moja tu haitaki: ishirini tatu. Na hiyo ndiyo mashine haiwezi kuiona kwa sababu imekimbilia hamsini.

Ubaya wa pili, ile kukimbilia hamsini ndiyo inayomaliza kumi. Kila mwenye pauni anaondoka na kumi moja. Mpaka saa sita mchana kumi hakuna, na kuanzia hapo kila mtu anaibiwa.

Dawa niliijua pale pale. Nikatoa 50p zote nikazitumbukiza kwenye kasha la chini. Nikakata kipande cha boksi la vikombe nikaziba mdomo wa ile tyubu, ili mtu akitia 50p iteleze moja kwa moja kwenye kasha. Sasa mashine haina hamsini, inalazimika kutoa ishirini tatu. Na kumi zinabaki kwa ajili ya yule anayetia 50p na kudai kumi yake. Ishirini haziishi kwa sababu karibu nusu ya watu wanalipa kwa ishirini mbili, nami naongeza kila asubuhi.

Kesho yake nakuta Bi Zuhura ananisubiri pale pale na fagio lake.

"Imetubu," akasema.

"Nimeipiga dua."

"Wewe? Dua yako ifike wapi, hata swala ya Ijumaa hukuonekana. Umeifanyaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akahesabu kwa vidole, ishirini, arobaini, sitini. Akasema, "Haya, nitawaambia nakujua."

Nikafanya hivyo kwenye mashine zangu zote. Malalamiko kwenye njia yangu yakafa. Wenzangu wa njia nyingine bado walikuwa wanapigiwa simu kila siku.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, simsingizii mtu.

Mifuko ya 50p niliendelea kukabidhiwa kila asubuhi, mifuko miwili. Siitumii. Ilitakiwa niirudishe depot na fomu. Fomu yenyewe nyepesi: tarehe, namba ya van, idadi ya mifuko. Halafu chini kuna kisanduku kirefu, mistari minne mitupu, kimeandikwa kwa Kiingereza: sababu ya kurudisha.

Nilikaa kwenye van na kalamu mkononi. Sababu naijua. Kwa Kiswahili ningeieleza mpaka mtoto akaelewa. Kwa Kibondei cha nyumbani ningetunga kitabu. Kwa Kiingereza niliona ubao wa matangazo tu, na mashine yangu inayolia maji, na watu wanacheka.

Nikaikunja fomu nikaiweka mfukoni. Nikasema kesho.

Mifuko nikaiweka kwenye makopo mawili ya biskuti nyuma ya van, imefungwa vile vile kama ilivyotoka benki. Kesho ikawa wiki. Wiki ikawa tatu.

Mtu mwenye kiburi kama changu hamuombi mwenzake amwandikie. Anaona bora atembee na mali ya watu kwenye kopo la biskuti.

Siku Festo alipofanya ukaguzi wa magari alikuja moja kwa moja kwenye van yangu. Akafungua kopo la kwanza.

"Hii nini, mzee Salehe?"

"Ni hamsini."

"Naona ni hamsini. Nauliza zinafanya nini na biskuti."

"Biskuti hazimo. Hizo hamsini sikuzitia kwenye mashine, makusudi."

"Makusudi." Akageuka kwa wenzangu waliokuwa wanapakia. "Mmesikia, amekiri mwenyewe. Nilikuwa najiuliza simu za Muheza unapiga kwa hela ipi, kumbe una benki yako."

Wakacheka wawili watatu. Kwa Kiingereza akawaambia wasiojua Kiswahili, wakacheka na wao.

Nikasimamishwa siku ile ile, nikaambiwa niende kwa meneja kesho saa nne.

Usiku ule sikulala. Sikuogopa kufukuzwa, kazi London zipo. Niliogopa barua. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwenye simu kwamba mwaka hauishi hajapanda ndege.

Meneja alikuwa Mzungu wa makamo anaitwa Keith, mtu wa maneno machache. Festo akajitolea kuwa mkalimani, kwamba Kiingereza changu kisije kuniponza. Wema ulioje.

Nikaeleza. Nilieleza kwa dakika tano nzima: tyubu, kumi kuisha, njia tano za sitini, ishirini tatu, kipande cha boksi. Nilieleza kwa mikono yote miwili.

Nilipomaliza Festo akamgeukia Keith akasema kwa Kiingereza kwamba nimesema nilizihifadhi hizo hela.

Basi. Dakika tano zangu zikawa sentensi moja.

Wakuu, Kiingereza cha kuandika kilikuwa kinanishinda. Cha kusikia hakikunishinda hata siku moja.

Nilisimama. Festo akaniambia kwa Kiswahili, chini chini, "Kaa chini, usijiharibie."

Nikamwambia, "Nimekaa miaka miwili."

Nikamwambia Keith kwa Kiingereza changu hicho hicho cha kulia maji: boss, njoo kantini, leta pauni. Nadhani alinifuata kwa sababu alichoka kukaa.

Kantini ya depot ilikuwa na mashine ya aina ile ile. Funguo ninazo. Nikaifungua mbele yao, nikatoa 10p zote nikazimwaga mezani. Nikaacha 20p na 50p. Nikafunga.

"Tia pauni," nikamwambia.

Keith akatia. Chai ikaja. Ikadondoka 50p. Akasubiri. Akapiga kidogo ubavu wa mashine kwa kiganja kama watu wote wanavyofanya. Hakuna kitu.

Nikafungua tena. Nikamwonyesha ishirini zilivyojaa. Nikatoa 50p, nikaziba tyubu, nikafunga. "Tia nyingine."

Hakuwa nayo. Nikampa yangu.

Ishirini. Ishirini. Ishirini.

Mimi nikachukua zile 10p zilizokuwa mezani, nikachanganya na 20p na 50p, nikampangia njia zote tano, safu tano, chini ya pua yake. Nikafunika zile nne zenye kumi kwa kiganja. Ikabaki moja.

Keith aliangalia ile safu, halafu akamwangalia Festo.

Festo akasema, sawa, lakini hilo halielezi mifuko. Keith akaagiza mifuko ihesabiwe. Ilikuwa thelathini, miwili kwa siku kwa siku kumi na tano za kazi, hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Keith akanipa mkono, akasema maneno mawili ya kunisifu, kisha akamwambia Festo amalizie makaratasi. Akaenda zake.

Wakuu, hapo ningekuwa naandika hadithi ya kutunga ningesema ndio mwisho.

Festo alinipeleka ofisini kwake akafunga mlango. Akatoa karatasi imeshachapwa. Ni warning, barua ya onyo. Inasema nilikaa na fedha za kampuni bila idhini.

"Saini hapa."

"Meneja amesema mimi sina kosa."

"Meneja amesema nimalizie makaratasi. Fomu ulirudisha?"

"Sikurudisha."

"Basi. Ukisaini leo jambo limefungwa, na barua yako ya Uhamiaji Ijumaa unayo mkononi. Usiposaini jambo liko wazi, na mimi siwezi kumwandikia barua mtu ambaye jambo lake liko wazi. Chagua mwenyewe, mzee Salehe, mimi sikulazimishi."

Alisema kwa upole kabisa. Alinisogezea na kalamu.

Nikasaini.

Nimeandika neno hilo moja nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nilisaini, wakuu. Mtu aliyegundua kosa akasaini kwamba yeye ndiye kosa. Na barua Ijumaa nikaipata, hilo hakunidanganya.

Wiki mbili baadaye kwenye ubao ule ule wa matangazo pakabandikwa karatasi. Mashine zote za kampuni zizibwe tyubu ya 50p. Chini yake jedwali, njia tano za kupata 60p, zimepangwa vile vile nilivyozipanga mezani, kwa mpangilio ule ule. Chini ya jedwali jina la Festo na degree zake zote mbili.

Wakampa ngao ya kioo kwenye sherehe ya kampuni, na cheo makao makuu. Mimi siku ya sherehe nilikuwa nimealikwa, nilikaa nyuma, nikapiga makofi. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijatoka.

Zilipotoka niliandika barua ya kuacha kazi. Mistari miwili, kwa mkono wangu, na Kiingereza chake sikujali.

Mke wangu alikuja na watoto. Yule mdogo aliniangalia uwanja wa ndege kama anaangalia askari. Leo ni mtu mzima, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Nikimhadithia habari hii ananiambia, "Dad, let it go." Yeye alikuja kwa ile saini, hajui.

Nilinunua mashine mbili mbovu, nikazitengeneza mwenyewe. Chai yangu nikaiwekea 50p badala ya 40p. Wajanja mmeshaelewa kwa nini. Pauni ikiingia inatoka hamsini moja, kazi imekwisha, hakuna tena wa kuvizia kumi ya mtu. Kwa bei hiyo nimesomesha watoto wawili.

Sasa turudi Wembley.

Nikaweka sahani chini, nikageuka. Festo amenenepa, mvi zimemkaa vizuri. Aliponiona akapanua mikono.

"Aah, mzee Salehe. Upo? Jamani huyu nilifanya naye kazi. Alikuwa dereva wangu."

Dereva wake.

Bi Zuhura alikuwepo. Bibi harusi ni mjukuu wake. Mama amezeeka, ana mkongojo, lakini ulimi ni ule ule. Akasema kutoka kwenye kiti chake, "Dereva wako ndiye aliyenirejeshea kumi zangu. Wewe ulikuwa wapi?"

Festo akacheka. "Mama, haya mambo ni ya kitaalamu, yana hesabu zake."

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. "Sawa mtaalamu. Nina swali moja. Mashine ni ile ile. Kinywaji tumeshusha, sasa 20p. Mtu ametia pauni, anadai themanini. Kumi zimekwisha. Unampaje?"

"Hiyo rahisi. Hamsini..."

"Endelea."

"Hamsini, ishirini..." Akakwama.

"Endelea, basi linaondoka."

"Hamsini, ishirini, na..." Akaangalia dari. Akaangalia vidole vyake. Meza nzima inamwangalia. Wakuu, nawaapia niliona ile mashine. Imetoa hamsini, imetoa ishirini, imenyamaza.

"Kumi hakuna, kaka," nikamkumbusha.

"Kama kumi hakuna basi haiwezekani."

Bi Zuhura akagonga mkongojo chini. "Ishirini nne, mwanangu. Kula pilau lako."

Meza ilicheka mpaka MC akaangalia upande wetu. Festo naye akacheka, akasema "haya mmenishinda, hizi ni stori tu za watu wa nyumbani", akanyanyuka kwenda kusalimia watu wengine.

Mnadhani nilifurahi? Nilifurahi dakika mbili. Halafu nikamwona kwenye meza nyingine, mikono inaenda juu, anasimulia tena. Ngao ya kioo iko kwake. Warning iko kwenye faili na sahihi yangu chini. Vicheko vya mezani havifuti sahihi.

Nimerudi nyumbani nikafungua droo. Ile fomu niliyoikunja kwenye van ninayo mpaka leo. Tarehe nilijaza, namba ya van nilijaza, idadi ya mifuko nilijaza. Mistari minne ya chini mitupu.

Funzo langu wakuu, na hili nawaambia hasa nyie mlioishia darasa la nne kama mimi: ukijua kitu, kiandike siku hiyo hiyo, hata kwa lugha mbovu, hata wakicheka. Wakicheka bado karatasi ina jina lako. Mimi niliogopa kuchekwa, nikamwachia mwenye kalamu aandike anavyotaka, na aliandika. Madereva wangu leo wana fomu ile ile na kisanduku kile kile, na nimewaambia waandike kwa lugha yoyote waliyonyonya kwa mama zao, au wachore. Kutafuta mtu wa kusoma ni kazi yangu, na sijabandika ya mtu ukutani.

Usiku huu nimeijaza ile fomu. Nimechukua kalamu nikaandika kwa Kiingereza changu, nakuwekeeni Kiswahili chake:

"Narudisha 50p kwa sababu mashine inakimbilia kubwa na kumwibia mtu mdogo. Ziba 50p. Toa 20p tatu. Salehe, van namba 7."

Mistari mitatu. Na nafasi ikabaki.

Haya, uwanja ni wenu. Mliofanya kazi chini ya Mbongo mwenzenu majuu leteni yenu. Na niambieni kweli bila kunionea aibu: ingekuwa wewe, mke na watoto wako Muheza, kalamu imesogezwa mbele yako, ungesaini au usingesaini?

Festo, kama umo humu, na wewe changia. Jibu ni ishirini nne.